Nabii Ayubu alisema anaumwa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh, mama zangu na dada zangu.

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya funga ya Jumatatu na Alhamisi. Imeshindikana, kwa sababu kilichonishughulisha wiki nzima ni miguu. Mimba yangu iko mwezi wa nane, na kila nikishaswali Isha nikajinyoosha kitandani, miguu inaanza. Si maumivu hasa. Wala si kule kukazwa na misuli ambako wengi wenu mnakujua, kigimbi kinakuwa kigumu mpaka mtu anapiga kelele. Hii ni kutekenywa kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki, na mguu wenyewe unataka usogezwe. Ukiusogeza unapata nafuu kidogo. Ukiutuliza, inarudi. Mchana ukiwa na shughuli zako hata hukumbuki kwamba una tatizo. Inangoja usiku, ukishapumzika.

Basi naamka, natoka uani, natembea toka jikoni hadi kwenye mwembe na kurudi. Siku ambazo hakuna mwezi naziona taa za wavuvi wa dagaa kule ziwani, nasema moyoni kwamba wenzangu angalau wanakesha kwa faida. (Mume wangu hapendi nikisema hivyo.) Na ni katika kwenda na kurudi huko ndipo kisa cha Nabii Ayubu, amani iwe juu yake, kiliponijia kwa namna ambayo sikuwahi kukitazama.

Sisi tukimtaja Ayubu tunataja subira yake, kisha tunaigeuza subira hiyo kufuli ya mdomo wa mgonjwa. Kuwa kama Ayubu, nyamaza. Hebu rudini mkaisome Surat Saad, kuanzia aya ya 41. Ayubu alimwita Mola wake akaeleza taabu iliyompata. Na katika Surat Al-Anbiyaa aya ya 83 anasema madhara yamemgusa, naye Mola ni Mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Huyo ni mtu anayesema anaumwa. Na jibu lililomjia halikuwa "vumilia". Aliambiwa aipige ardhi kwa mguu wake, na hapo hapo akapewa maji baridi ya kuogea na ya kunywa. Mguu, jamani! Nilicheka peke yangu pale chini ya mwembe. Halafu aya ya 44, baada ya kusema shida yake na kupewa dawa yake, ndipo Mwenyezi Mungu anamsifu kwamba alimkuta ni mwenye kusubiri, mja mwema.

Kwa hiyo, dada yangu, kusema "miguu hainipi usingizi" hakukutoi katika wenye subira. Kwenda kliniki hakukutoi. Kumlilia Mola wako saa nane za usiku huku unazunguka uani na kanga begani hakukutoi. Hiyo ni subira inayotembea. Bibi Maryam naye uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile, na hakukaripiwa. Alielekezwa kijito cha maji na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, na jicho lake litulie. Rabi wetu anajua kwamba mwanamke mwenye mimba ana mwili. Ndiye aliyesema katika Surat Luqmaan kwamba mama humchukua mtoto katika udhaifu juu ya udhaifu. Sasa sisi ni akina nani wa kumwambia asiutaje?

Hapa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Kwenye darasa letu la akina mama, juzi juzi tu, dada mmoja mwenye mimba alishindwa kukaa mkekani. Akanyoosha miguu, akaikunja, akainuka, akasimama nyuma anajipiga-piga mapaja. Nikasikia sauti ikisema, "Huyo ana jini, hasikii Qur'ani." Hakuna aliyemjibu aliyesema. Dada yule hajarudi darasani. Mnajua tulichomfanyia? Tumemfukuza mtu kwenye kikao cha kumtaja Mwenyezi Mungu kwa sababu miguu yake inawasha! Hali hii ni maradhi yanayojulikana, kwa Kiingereza huitwa restless legs syndrome, yaani miguu isiyotulia. Daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliyaandika kwa kina mwaka 1945, na tafiti za leo zinakadiria kwamba huwapata wajawazito karibu mmoja kati ya watano, zaidi miezi mitatu ya mwisho. Hesabuni wenyewe mikeka yetu ina wajawazito wangapi. Anayemjua dada yule aende kwake, na amwombe radhi kwa niaba yetu.

Mimi nilipomweleza nesi kliniki, hakushangaa. Alinitoboa kidole kupima wingi wa damu, ukasoma 9.8, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Akaniambia mara nyingi hali hii huendana na upungufu wa madini chuma, kwa kuwa ubongo nao unayahitaji ili kuiongoza miguu vizuri, na mtoto anachota kwenye akiba hiyo hiyo. Hata ambaye wingi wa damu yake unaonekana mzuri, akiba yake inaweza kuwa imekwisha. Vile vidonge vya FEFO (vya madini chuma na foliki asidi) tunavyopewa bure tukaviweka juu ya kabati kwa sababu vinaleta kichefuchefu na choo cheusi, ndivyo vyenyewe. Choo cheusi kisikutishe. Kichefuchefu kikizidi, mwambie nesi, usivitupe. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tujitibu.

Chakula tunacho, alhamdulillah, hapa Ujiji hatuna kisingizio. Dagaa, maharage, matembele, na ndimu ukamulie juu yake, kwa maana ndimu husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Ila chai ya rangi juu ya chakula huyazuia. Ingoje saa moja au mbili. Kahawa ya jioni nayo huwazidishia wengi hii hali. Na udongo! Mnaununua sokoni vipande vipande, mnautafuna mkidhani ni hamu tu ya mimba. Mara nyingi hamu hiyo ni dalili kwamba damu imepungua, na udongo wenyewe unazidi kuizuia isiongezeke.

Usinunue dawa ya usingizi duka la dawa kwa kujiamulia. Hata baadhi ya dawa za mafua na za kuzuia kutapika huichochea miguu. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, hilo ni jambo jingine kabisa: nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Kuhusu swala, ruhusa ipo. Asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu. Na Surat Aal-Imraan, aya ya 191, imewasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala. Istighfaar ya kwenda hadi mwembeni na kurudi ni istighfaar.

Waume mnaosomewa ujumbe huu na wake zenu: mwenzio akiamka, amka. Mume wangu hunichotea maji baridi ya kumwagia miguu, kisha hunikanda vigimbi kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, mpaka nisinzie. Jioni tunatembea kidogo kabla ya Magharibi. Nesi amesema kwa wengi hali hii huondoka baada ya kujifungua, mara nyingi ndani ya wiki chache, basi si mzigo wa milele tunaowaomba.

Alhamisi darasa lipo palepale baada ya Alasiri, tutamalizia Surat Saad. Mikeka ya karibu na mlango ni ya wajawazito. Anayetaka kusimama asimame, anayetaka kuzunguka azunguke. Chai itakuwa ya mwisho kabisa, na wenye mimba tutawawekea maji ya ndimu.