Gari liligoma Njombe, nikalishtua mwenyewe

Mtu akikwambia kushtua gari, yaani kuliwasha kwa nyaya zinazoleta umeme wa betri ya gari jingine, ni "nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, basi", mshukuru kisha mwombe asogee pembeni. Nimeambiwa hivyo na watu wazima waliokaa na magari kabla sijazaliwa. Maneno yao ni ya kweli robo tatu, na hiyo robo iliyobaki ndiyo inayoweza kukupasulia betri usoni.

Julai tulikuwa Njombe kwenye msiba upande wa mume wangu. Baridi ya Njombe mwezi huo haihitaji maelezo. Gari langu dogo, Toyota IST, lilikaa uani bila kuwashwa tangu tulipofika, na betri ilikuwa ile ile niliyoikuta nilipolinunua gari. Baridi huipunguza nguvu betri yoyote, na wakati huohuo oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo starta, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inadai umeme mwingi kutoka kwa betri iliyobaki na kidogo. Siku ya kuondoka nikazungusha ufunguo: tik-tik-tik, taa za dashibodi zikafifia. Mlio huo mara nyingi ni betri. Natembea na mita ndogo ya fundi umeme, ya elfu ishirini na kitu, nikapima nikakuta volti 11 na pointi. Betri nzima iliyojaa inasoma kama 12.6.

Kufumba na kufumbua uwanja ukajaa washauri. Vijana wakataka kusukuma. Nikawaambia hili ni otomatiki, injini ikiwa imezimika magurudumu hayawezi kuizungusha, mtasukuma mpaka Makambako. Hawakuniamini. Walisukuma kwa moyo wote mpaka getini, gari halikukohoa hata kidogo, kisha tukalirudisha kwa kulipandisha mlima. Walijitolea kwa upendo na nawashukuru, ila nguvu za watu wanane zilipotea kwa jambo ambalo haliwezekani.

Hapo akatokea dereva wa lori la Fuso lililoleta viti na maturubai. Akafungua boksi la betri, akasema, "Shemeji, lete nyaya, hili lina nguvu, dakika moja tu." Hapa ndipo niliposimama mbele ya boneti yangu kabisa. Fuso lile lina betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, jumla volti 24. Gari dogo ni la volti 12. Ukiliingizia 24 unaweza kuunguza kontrol boksi (kompyuta ya gari), redio, taa, na betri yenyewe ikachemka. Shemeji mkubwa akanivuta kando: "Huyu kaendesha malori miaka mingi, usimvunjie heshima." Nikamjibu kwa adabu kwamba heshima yake ninayo, ila kontrol boksi ikiungua sitamdai yeye, nitalipa mimi, na si pesa ndogo. Dereva akasema basi tuchukue betri moja tu kati ya zile mbili. Inawezekana kwa anayejua vizuri, lakini ukikosea kidogo umerudi kwenye 24. Nikakataa. Nilikataa kwa sauti, na wakwe wote walisikia.

Baba mdogo alikuwa na Hilux, volti 12. Nikamwamkia, nikamweleza, akaisogeza pua kwa pua bila magari kugusana, akazima. Nyaya za kushtulia zikatoka kwa jirani: ganda nene la kuvutia, shaba ya ndani nyembamba ajabu. Hazikuwepo nyingine.

Mpangilio wangu haubadiliki. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya gari zima (hapa Hilux), nyeusi kwenye hasi ya gari zima. Klipu ya mwisho, nyeusi, HAIENDI kwenye betri iliyokufa. Inakwenda kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Mimi natumia ile pete ya kunyanyulia injini. Sababu ni kwamba klipu ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri ikichajiwa inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Ndani yake kuna asidi ya salfa. Mtaani kwetu yupo fundi aliyepasukiwa hivyo. Alipona macho, lakini shati lake lilitoboka matundu kama chandarua. Kwa hiyo sigara mbali, na tochi ya simu itumike badala ya kiberiti. Betri yenye nyufa au inayovuja usiishtue kabisa.

Tukawasha Hilux. Watu wakapiga kelele, "Washa, washa!" Nikajaribu: tik-tik. Nikashika waya, wa moto. Wakasema betri imekufa kabisa, niite gari la kuvuta. Hapana. Starta inataka ampea zaidi ya 100 kwa mkupuo, na waya mwembamba hauwezi kuzipitisha. Lakini umeme kidogo kidogo unapita. Nikachomoa nyaya zipoe, nikaomba maji ya moto jikoni kwa akina mama, nikasugua ule ungaunga wa kijani na nyeupe kwenye terminali, zile ncha za betri zinazofungwa waya, na kuzikaza. Tukafunga tena, Hilux ikanguruma juu kidogo ya kawaida, mimi nimezima kila kitu kwenye IST: redio, feni, taa. Tukanywa chai. Nilikaa pale robo saa na ushee, nagusa waya kila mara nione hauchemki. Wakati huo betri yangu ilikuwa inajaa polepole, hivyo starta isingetegemea waya peke yake.

Nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja! Baba mdogo alipiga makofi, na dereva wa Fuso akaja kunipa mkono, jambo lililonifurahisha kuliko yote.

Kuchomoa ni kinyume cha kufunga: unaanza na ile nyeusi ya kwenye chuma. Kabla ya hapo washa feni ya ndani ili imeze umeme ukiruka ghafla.

Bado fundi mmoja pale alitaka nichomoe terminali injini ikiwa inawaka, "tuone kama alteneta inachaji," yaani ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Tafadhali sana, msikubali. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiitoa, volti zinaruka na kontrol boksi ndiyo inayoumia. Mita inatosha. Yangu ilisoma 14.1, alteneta nzima.

Sikuzima injini mpaka Iringa, kwenye duka la betri. Wakaipima ya zamani ikawa haishiki chaji. Mpya ilikuwa laki moja na ushee baada ya kupunguziwa kwa kuwaachia ile mbovu, maana madini ya risasi yaliyo ndani yake yana soko. Kijana wa dukani alileta yenye herufi R mwishoni mwa namba wakati yangu ni L. Hizo herufi zinaonyesha chanya iko upande gani, na ukikosea waya haufiki. Nikamrudishia, akaleta ya L, akafunga.