Waya mmoja chini ya tangi la petroli

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa nimeshapita Mvumi Misheni naelekea Handali, jua la Septemba liko utosini na upepo unanipiga usoni. Plastiki inayoungua huwezi kuifananisha na moshi wa shamba. Nilizima pikipiki, nikashuka, nikaona moshi mwembamba ukitoka pale shingo ya fremu inapoingia chini ya tangi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimejaza petroli.

Nilifungua kifuniko cha ubavuni, nikajizungushia kitenge mkononi, nikauvuta waya mwekundu hadi ukachomoka kwenye betri. Moshi ukakata. Nilikaa chini ya mbuyu karibu saa nzima kabla sijaweza kuondoka.

Kazi yangu ni kukagua visima vya pampu za mkono katika vijiji vya Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma. Njia huku hazisimami mahali pamoja. Njia ya ng'ombe inageuka barabara, na korongo mlilovuka mwaka jana msimu huu limekula kivuko chote. Simu niliijaribu kwanza, lakini ikifungwa kwenye usukani juani inapata joto hadi inajizima. Ndipo nikanunua GPS ya pikipiki, kifaa cha kuonyesha njia kinachofungwa kwenye usukani. Chaji yake haimalizi siku, kwa hiyo lazima ile umeme wa betri.

Kijana aliyenifungia alitumia dakika kumi. Alichukua waya mbili nyembamba, za aina ya spika, akaziunga moja kwa moja kwenye betri, akazipitisha chini ya tangi, akamalizia kwa selotepu nyeusi. Usiku wa kwanza tu nilisahau kukizima kifaa, asubuhi betri imekufa. Hesabu yake ni nyepesi: kifaa kikila nusu ampia kwa saa kumi, ampia-saa tano zimekwenda, na betri za pikipiki nyingi ndogo ni za 5 hadi 7. Hilo nililichukulia kama usumbufu wa kawaida, nikapiga kiki nikaendelea na safari zangu. Kumbe kila nilipokata kona, usukani ulikuwa unausugua ule waya kwenye chuma cha fremu. Ganda likalika, shaba ikagusa fremu, na fremu yote ni hasi. Ikapiga shoti.

Nilirudi mjini nikaenda kwa mzee mmoja anayefanya umeme wa magari Majengo. Aliushika ule waya ulioungua, akaugeuza, akaniuliza, "Fyuzi iko wapi, mwanangu?" Nikamjibu kwamba kifaa kina fyuzi yake ndani ya chaja. Akatikisa kichwa. "Hiyo inalinda chaja. Huu waya kutoka betri hadi huko mbele unalindwa na nani?"

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Betri ndogo kama ile ikipigwa shoti inaweza kusukuma makumi ya ampia, na waya mwembamba unageuka kuwa hita. Fyuzi inakaa kwa ajili ya waya, kwa hiyo mahali pake ni pale pale karibu na chanya ya betri, isizidi urefu wa kiganja. Ukiiweka kule mbele karibu na kifaa, mita nzima ya waya chini ya tangi imebaki bila ulinzi.

Kazi nilitaka kuifanya kwa mikono yangu, mzee akiwa ananitazama. Tulianza na hesabu. Kifaa kinataka volti 5 na ampia 2 kwa juu kabisa, yaani wati 10. Kwenye volti 12, ukiongeza kinachopotea njiani, ni kama ampia moja. Tukachagua fyuzi ya ampia 3, ile ya zambarau, na waya wa milimita moja ya mraba wenye ganda gumu.

Kwenye betri nilianza kufungua hasi. Mzee alisisitiza, na sababu yake ina nguvu: ukianza na chanya, spana ikigusa fremu umeshapiga shoti mkononi mwako. Hasi ikishatoka, spana ikiwa kwenye chanya hata ikigusa fremu, hakuna njia ya umeme. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Nilidhani nitachukua umeme kwenye waya wa taa kubwa, kwa kuwa uko karibu na usukani. Mzee akanipa mita ya umeme nipime mwenyewe. Kwenye pikipiki yangu, kama ilivyo kwenye nyingi zenye injini ndogo, taa kubwa hailishwi na betri. Inapata umeme wa AC, yaani wa mkondo geu, kutoka kwenye koili za injini, unapanda na kushuka kwa kadiri unavyovuta mafuta. Kifaa changu kisingedumu pale. Tukaweka rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, chini ya kiti: umeme mkubwa unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia rilei, waya mwembamba kutoka swichi ya ufunguo ndio unaoiamsha. Ukizima ufunguo, kila kitu kimekatika.

Kibadilishi cha volti 12 kwenda 5 tulikifunga mbele, nyuma ya taa, kwa sababu volti 5 zikisafirishwa mbali kwenye waya mwembamba zinafika zimepungua. Tulinunua kilichozibwa kisiingize vumbi wala maji.

Viungo ndivyo vilivyotuchukua muda. Nilitaka kuchomelea kwa risasi, mzee akakataa. Barabara zetu za vumbi zina mikunjo kama bati, na waya uliochomelewa unakuwa mgumu pale kwenye risasi, mtikisiko unaukatia hapo hapo. Tulibana terminali, vile vichwa vya chuma vya ncha za waya, kwa koleo lake, tukavisha mpira unaosinyaa kwa joto. Selotepu kwa jua la Dodoma inayeyuka gundi na kuachia. Waya wote ukaingia kwenye mpira wa kinga, na shingoni tukauachia ulegevu. Niligeuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara nyingi, nikiangalia kama kuna mahali unavutika au unabanwa.

Ufunguo ukiwa umezimwa, mita ilionyesha kifaa hakivuti chochote. Injini ikinguruma, betri ilisoma volti 14.1.

Masika yote imepita na sijagusa kitu zaidi ya kukagua viungo. Fyuzi ya akiba iko ndani ya kimfuko cha nailoni chini ya kiti.

Yule kijana nilimrudia nikiwa na waya ulioungua. Aliutazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniuliza, "Dada, hivyo vibebeo vya fyuzi vinauzwa wapi?" Nilikuwa nimenunua viwili. Kimoja nikamwachia.