Vaduz, kwa Mtemi Anayepigiwa Kura

Treni hazifiki Vaduz, mji mkuu wa Liechtenstein, wala nchi yenyewe haina uwanja wa ndege, kwa hiyo msafiri anayetoka Zürich hushuka Sargans, upande wa Uswisi, kisha hupanda basi linalovuka mto Rhine bila mtu yeyote kumdai pasi. Nauli ilivumilika. Kilichoniuma ni kikombe cha kahawa katika mgahawa mmoja wa mji huo, nilichokilipia zaidi ya faranga sita za Uswisi, maana ndiyo sarafu yao tangu 1924. Kwa fedha hiyo, Tabora ningewalisha watu wanne wali na maharage wakashiba.

Ngome ya mtemi imekaa juu ya jabali linaloutazama mji. Wageni hawaingii, kwa kuwa familia yenyewe inaishi humo, hivyo anayepanda mlima huishia langoni na kugeuka. Hapo karibu nilimkuta bibi mmoja akipumzika kwenye benchi, fimbo zake mbili za kutembelea zimeegemezwa gotini, nikamwamkia kwa Kijerumani changu cha kubabaisha naye akanihurumia, tukaendelea kwa Kiingereza. Nilipomwuliza ukoo huo uliiteka lini nchi hii, alicheka na kujibu kwamba hawakutekwa, walinunuliwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Ukoo wa Liechtenstein, matajiri wa Vienna, ulihitaji ardhi iliyo chini ya Kaisari moja kwa moja ili upate kiti katika baraza la Dola Takatifu la Kiroma, milki ya Kaisari iliyokusanya nchi nyingi za Kijerumani; ukanunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712, na mwaka 1719 Kaisari Karl VI akaziunganisha kuwa utemi mmoja wenye jina la wanunuzi. Mtemi wa kwanza kuizuru nchi hiyo akiwa madarakani alifika mwaka 1842. Kuhamia hasa kulifanywa na Franz Josef II mwaka 1938, Hitler alipoitwaa Austria. Kufikia wakati huo wenyeji walikwisha kuijongelea Uswisi kwa mkataba wa forodha wa 1923, na katiba yao ya 1921 ilikuwa imeyagawa madaraka baina ya mtemi na wananchi.

Bibi hakuwa na haja sana na karne hizo. Yeye alitaka kunisimulia habari za mumewe, aliyevaa koti la Jumapili mwaka 1971 akaenda kupiga kura kuamua kama wanawake nao wapige kura, akamwacha jikoni akimenya viazi. Wanaume walikataa. Mwaka 1973 walikataa tena, na walipokubali mwaka 1984 ilikuwa kwa wingi mwembamba mno. Mume alikuwa ameunga mkono mara zote, au ndivyo alivyodai nyumbani, akasema bibi, na viazi vilimenywa vilevile.

Hapo nilitegemea kusikia kwamba mwanamke aliyesubiri kiasi hicho angewapunguzia wakubwa madaraka. Mwaka 2003 mtemi Hans-Adam II alitaka katiba impe nguvu zaidi, zikiwamo za kuifukuza serikali, akatishia kuhamia Austria akinyimwa. Asilimia 64 hivi walimkubalia, na bibi alikuwa miongoni mwao. Aliona kwamba bila mtemi wangebaki bonde jingine tu la Uswisi. Isitoshe, katiba hiyohiyo iliwapa wananchi njia ya kuufuta utemi kwa kura, na kila moja ya jumuiya 11 za nchi haki ya kujitoa. Mwaka 2012 waliulizwa kama turufu ya mtemi dhidi ya matokeo ya kura zao ipunguzwe, na asilimia 76 wakaikataa hoja hiyo.

Mimi natoka Unyamwezini, ambako watemi waliondolewa madaraka kwa sheria mwaka 1963, na sijapata kumsikia mzee akisema aliulizwa. Sisemi warudishwe, mashauri yao yalikuwa na upendeleo wake, na babu yangu alipoteza ng'ombe katika mojawapo. Kuulizwa ndiko kulikonitia wivu.

Bibi akataka kujua sisi tulipigaje kura kuhusu katiba yetu. Nikamweleza juu ya Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania ya 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Akaniuliza imeahirishwa mpaka lini. Nilimwambia nisipoteremka sasa nitalikosa basi la Sargans.