Pembe ya Ua Isiyofagiwa

Hapa Tanga ua mzuri ni ule uliofagiwa alfajiri hadi mchanga ukabaki na michirizi ya ufagio, na anayeacha majani chini huhesabiwa kuwa mvivu. Hata hivyo, nyumbani kwetu Sahare pembe moja iliyo kando ya ukuta haifagiwi kabisa, na haifagiwi kwa makusudi, kwa ajili ya ndege. Chozi, ndege mdogo ambaye wengi humjua kwa kufyonza maua tu, huwalisha makinda yake wadudu na buibui, na wadudu wengi hulelewa katika majani yale yanayooza ambayo tumezoea kuyachoma moto. Utando wa buibui nao una kazi, kwani ndege huyo huutumia kushikamanisha nyuzi na majani makavu ya kiota chake kinachoning'inia tawini. Kwa sababu hiyo niliomba utando ulio kwenye mchongoma usiguswe, na mama mkwe alikubali kwa shingo upande.

Mchongoma wenyewe nimeupanda kwa ajili ya miiba yake zaidi ya matunda, ingawa ndege aitwaye shorewanda huyapenda. Miiba huwakinga ndege wadogo dhidi ya kunguru wenye shingo ya kijivu, ambao si wa asili ya kwetu: waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kutoka India, wakaenea pwani, nao hula mayai na makinda ya wenzao. Ndiyo maana sitoi sahani ya makombo ya wali uani, wala matumbo ya samaki hayaachwi wazi, kwa kuwa karamu ya namna hiyo huishia kwa kunguru.

Maji ni jambo jingine, hasa wakati wa kaskazi, jua linapokausha kila kidimbwi. Nimeweka kigae kipana cha chungu, maji yasizidi kina cha vidole viwili, na jiwe la ndege kutulia. Jirani aliuliza habari za mbu, na haki anayo. Lakini viluwiluwi huhitaji takriban wiki moja majini kabla ya kuruka, kwa hiyo maji yakimwagwa kila baada ya siku mbili hawakomai.

Kwa hofu ya nyoka, majani yaliyo karibu na mlango hufagiwa kama kawaida. Mapapai ya juu yasiyofikiwa kwa kingoe huachiwa komba na popo, na watoto hulilalamikia hilo kuliko nyoka.