Chakula cha Kihindi kwa asiyekula ngano, ukiwa Mtwara

Aliyekatazwa ngano, hasa mwenye ugonjwa wa siliaki (utumbo wake huumizwa na ngano), huona chapati, naan na sambusa akadhani jiko zima la Kihindi si lake. Hizo si tatizo, maana zinaonekana. Zinazoponza hasa ni mbili zisizoonekana: mvuje na karai la mafuta.

Mvuje, kiungo chenye harufu kali ambacho wengine hukiita hingi, ukiwa wa unga kwenye kikopo aghalabu si mtupu. Huchanganywa na gundi ya mti na unga, na unga wenyewe mara nyingi ni wa ngano. Kikopo kisichotaja viambato, kiache dukani. Punje 3 za kitunguu saumu zinatosha kushika nafasi yake.

Bhajia kwa kawaida ni unga wa dengu, haina ngano. Lakini ikizama katika mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi, imeshaharibika. Usimuulize muuzaji "ina ngano?" Atakujibu hapana, na kwa nia njema kabisa. Uliza: "Mafuta haya leo yamekaanga nini?" Unga wa dengu nao uulizie mashine iliyousaga, kama husaga na ngano.

Ukipikia nyumbani, Kusini tuna bahati. Ile dengu ya njano ambayo Wahindi huiita toor dal ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, hizi hizi zinazolimwa Lindi na Mtwara. (India ilipoweka kikomo cha kuziingiza mwaka 2017, mkulima wa huku aliumia kwa bei.) Chukua kikombe 1, loweka nusu saa, chemsha kwa maji vikombe 4 na manjano nusu kijiko cha chai, kama dakika 40, hadi zivurugike. Ukwaju na nyanya visiingie kabla hazijaiva: uchachu huzizuia kulainika, utapika hadi magharibi na bado zitakuwa ngumu. Kisha pasha mafuta vijiko 2 vya chakula, tia mbegu za haradali, funika, subiri ziache kupasuka, ndipo bizari nyembamba na kitunguu saumu. Saumu ikitangulia itaungua na mchuzi wote utakuwa mchungu. Mimina juu ya mbaazi, koroga, tia chumvi na ukwaju.

Badala ya chapati, tengeneza pesarattu, mkate mwembamba wa choroko kutoka Andhra, kusini mwa India. Choroko vikombe 2 na mchele robo kikombe, loweka saa 6, saga na tangawizi na pilipili mbichi hadi uji uwe mzito wa kumiminika. Hauhitaji kuchachuka, na kwa joto la Mtwara hiyo ni nafuu kubwa. Umimine kwenye kikaango cha moto, utandaze, kisha ugeuze. Ukigandana kabla hujautandaza, kikaango kimezidi moto. Nyunyiza maji, futa, mimina tena. Ukichanika wakati wa kugeuza, umeongeza maji mno au umeuharakisha.

Mchuzi mzito wa mgahawani wakati mwingine huongezewa unga wa ngano. Nyumbani tumia korosho zilizobanguliwa, zisizokaangwa. Vipande vilivyovunjika ni vya bei nafuu na kazi ni ile ile. Gramu 60 kwa mchuzi wa watu wanne: loweka kwenye maji ya moto dakika 20, saga laini, tia mwishoni moto ukiwa mdogo, na usiache kukoroga, kwa sababu korosho hushika chini ya sufuria upesi kuliko tui.