Julai hakuna mvua Dodoma, lakini ukuta wangu ulikuwa umelowa

Nilihamia Dodoma mwaka 2019 nikitokea Tanga, na kati ya vitu nilivyofurahi kuachana navyo ni ukungu, yaani kuvu. Kule ukisahau viatu vya ngozi uvunguni wiki mbili unavikuta vimeota manyoya. Hapa unaanika kanga, ukimaliza kuanika ya mwisho ile ya kwanza imeshakauka. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi.

Ndiyo maana Januari 2024, nilipoona madoa meusi kwenye ukuta wa chumba cha mwanangu, pembeni ya kabati, sikujisumbua. Msimu ule El Niño ilikuwa imetunyeshea hadi tukasahau kama tuko Dodoma. Nikasema mvua ikikata na madoa yatakata. Nikachukua ufagio wa chelewa nikayafagia hivyohivyo makavu, mlango umefungwa, mtoto amekaa kitandani ananiangalia. Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote. Kuvu kavu ukiifagia unairusha hewani, na ile unga nyeusi niliyoiona ikielea kwenye mwanga wa dirisha ndiyo tuliyoivuta wote wawili.

Machi madoa yakarudi, safari hii mapana. Nikaamua kupambana. Nilijua jiki inaua, na dawa ya choo yenye asidi inang'oa, basi nikazimimina kwenye ndoo moja. Sikumaliza hata kukoroga. Macho yaliwaka, koo likabana, nikatoka nje kwa magoti nikikohoa kama mtu aliyepaliwa pilipili. Baadaye ndipo nikajua kwamba jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Tena ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya ndoo. Na dawa zenye amonia nazo jiki haipatani nazo. Siku hizi kwangu jiki haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji.

Sikukoma. Nikapiga rangi ya mafuta juu yake, ukuta ukang'aa kama sahani. Juni rangi ikavimba mapovu, ukiyabonyeza yanatoa maji.

Hapo mwanangu alikuwa na kikohozi cha usiku kisichosikia dawa. Daktari aliyempima aliniuliza swali moja ambalo sikulitarajia: "Mtoto analala wapi?" Nikamweleza ukuta. Akasema nimhamishe chumba leo, siyo kesho, kwa sababu kuvu ya ukutani huwasha njia ya hewa, hasa kwa mtoto na mtu mwenye pumu. Usiku ule alilala chumbani kwangu.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Kuna nini tena?"

"Ukuta wa chumba cha mtoto, mama. Umeota fangasi."

Alicheka. "Fangasi, Dodoma hii? Huku hata mahindi yanakaukia shambani! Hiyo ni chumvi tu, kila nyumba ya huku inayo."

Sikumlaumu. Huku kuvu watu wanaijua kwenye mahindi na karanga. Sumukuvu ya mwaka 2016, iliyoua watu Dodoma na Manyara, bado inazungumzwa. Ukutani hakuna anayeitegemea. Na kuhusu chumvi alikuwa sahihi nusu. Sebuleni kwangu, chini ya ukuta, kuna weupe unaopukutika kama unga wa muhogo. Nilichukua kidogo kiganjani, nikadondoshea maji, kikayeyuka. Hiyo kweli ni chumvi, inapandishwa na unyevu wa msingi, haimdhuru mtu zaidi ya kuharibu rangi. Cha chumbani hakikuyeyuka. Kilibaki nyuzinyuzi nyeusi zenye harufu ya gunia la mahindi lililonyeshewa.

Kilichonifungua macho ni kalenda. Ilikuwa Julai. Tangu Aprili ilipoishia, hata tone halijaanguka, na doa linazidi kupanda. Sasa maji yanatoka wapi?

Nilikata kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, nikakibandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Matone yangekuwa upande wa chumbani, ningejua ni unyevu wa hewa tu. Yalikuwa upande wa ndani, yameganda kwenye nailoni yakitazamana na plasta. Ukuta wenyewe ndio ulikuwa umekunywa maji.

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Pale kwenye mnara wa simtanki palikuwa na majani mabichi, kijani kibichi kabisa, na kuku wa jirani wamekusanyika wanachakura. Nyasi za kijani mwezi wa saba Dodoma! Nilikuwa nimepita hapo miezi yote hiyo, na ninakumbuka hata kuwasifia wale kuku kwa kunenepa.

Maji mtaani kwetu yanakuja kwa mgao, mara mbili kwa wiki, usiku wa manane. Ijumaa nikakesha. Saa nane na nusu nikasikia tanki linajaa, kisha mlio mwingine, kama mtu anamimina chai kutoka juu. Boya la ndani lilikuwa limekufa, halifungi. Maji yalimwagika kupitia bomba la juu, yakatiririka ukutani kwa nje, yakatuama kwenye msingi kwa sababu udongo umeinamia nyumba badala ya kuikimbia. Saa kumi na moja yakakata. Asubuhi jua likakausha juu, pakabaki nyasi tu kama ushahidi.

Nilimpigia mama mwenye nyumba saa moja asubuhi, akaja mwenyewe, akasimama pale akiziangalia nyasi. "Kumbe," akasema. Tukakubaliana nilipie, nikate kwenye kodi ya miezi sita ijayo. Fundi bomba akabadilisha boya, akaelekeza bomba la kumwagika kwenye mpapai ulio mbali, na kijana mmoja akachimba kamfereji na kushindilia udongo uelekee nje. Kazi ya nusu siku. Nilikuwa nimepoteza miezi sita nikisugua.

Ndipo nikasafisha, kwa utaratibu ambao ningeufuata tangu Januari. Doa lilikuwa dogo kuliko mita moja ya mraba, na hicho ndicho kipimo ambacho wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, wanakitumia kumruhusu mtu afanye mwenyewe. Likizidi hapo tafuta mtu wa kazi hiyo. Mtoto kwa shangazi yake siku nzima. Mlango nikauziba chini kwa kitenge kilicholowa, dirisha wazi. Glavu za mpira, miwani, barakoa ya N95, kwa maana kile kitambaa tulichoshonewa wakati wa korona hakizuii vumbi jembamba hivi. Kabla ya kugusa chochote nikalipulizia doa maji ya sabuni kwa chupa, lilowe lisirukeruke.

Kabati ndilo lililonitia uchungu. Tulilivuta, na hadibodi yake ya nyuma ilikuwa nyeusi yote, laini kama mkate uliochovywa chai. Kitu kama hicho hakisafishiki, kuvu imeshaingia ndani. Nikakifunga kwenye mfuko mkubwa wa plastiki kabla ya kukipitisha sebuleni. Godoro la sponji nalo likaenda. Nguo zilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Jiki sikuitumia ukutani. Plasta inakunywa maji yake, dawa inabaki juu, unaona peupe unafikiri umeshinda, kumbe umebadilisha rangi tu. Na kuvu hata ikifa, ukiiacha palepale bado inawasha. Sabuni ya unga, brashi, maji kidogo, kitambaa kikavu. Sehemu iliyovimba fundi aliichimbua plasta hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu, akiilowesha kwanza. Kisha hakuna tulichofanya kwa wiki nne. Fundi alitaka apige plasta mpya siku ya tatu, akaniona mbishi, lakini nilirudisha nailoni yangu mara tatu hadi ikatoka kavu pande zote mbili. Ndipo akapiga plasta, na juu yake nikataka chokaa, siyo rangi ya mafuta. Chokaa inaacha ukuta upumue.

Kitu kimoja kilibaki, nacho ni vumbi. Sisi wa Dodoma dirisha tunalifunga saa nne asubuhi upepo unapoanza, na usiku tunalifunga kwa baridi ya kipupwe, kwa hiyo pumzi za watu na nguo zinazomaliziwa kukauka ndani havina pa kutokea. Nimejizoeza kufungua alfajiri, saa kumi na mbili hadi saa tatu, kabla upepo haujaamka. Meza inafutwa mara mbili kwa siku, sawa. Na kabati jipya limekaa upana wa kiganja kutoka ukutani.

Mwanangu alirudi chumbani kwake Septemba, na kile kikohozi cha usiku kilikuwa kimekwisha kabla ya hapo. Pengo la nyuma ya kabati limekuwa stoo yake. Juzi nimepitisha mkono humo kuukagua ukuta, nikatoka na gari lisilo na magurudumu, maganda ya karanga na vijiko vyangu viwili nilivyomsingizia dada wa kazi.