Nilivyofunga dripu ya hospitali kwenye cheni ya pikipiki

Kila fundi wa kijiweni ana ushauri uleule kuhusu cheni: mwagia oili chafu, twende. Oili chafu imebeba masizi na vumbi la chuma kutoka injini, halafu ni nyepesi, kilomita chache tu imeshahamia kwenye rimu. Wengine wanapaka grisi, ambayo vumbi la kiangazi hapa Mbeya huigeuza msasa. Cheni ya saizi 428 isiyo na oringi, vile vipete vya mpira vya kutunza grisi ndani, inataka oili safi, kidogo kidogo, muda wote inapozunguka. Mitambo ya dukani ya kazi hiyo ipo, Scottoiler ya Uskoti kwa mfano, lakini kwa bei yake nabadilisha cheni na sproketi na chenji inabaki. Mtambo wangu, seti ya dripu ya hospitali inayodondoshea cheni oili, haukufika elfu hamsini, na koki ndiyo iliyokula fungu kubwa.

Wanaofunga seti ya dripu peke yake wanajua shida yake: injini ikizimwa, oili haizimiki. Ukisahau kubana rola, kile kigurudumu cha kubania mpira wa dripu, jioni, asubuhi chupa yote iko sakafuni na tairi la nyuma limesimama ndani yake. Dawa yake ni koki ya petroli ya skuta za Kichina, ile inayofunguliwa na mvuto wa hewa wa injini. Ina chuchu tatu: ya kuingiza, ya kutoa, na nyembamba ya mvuto. Injini ikiwaka inafunguka, ikizimwa inajifunga, wala huna haja ya swichi wala waya. Ijaribu palepale dukani: vuta hewa kwa bomba la sindano kwenye chuchu nyembamba huku ukipuliza ya kuingiza. Ukivuta ipitishe, ukiachia izibe kabisa. Za mtumba nyingi zinavuja, zirudishe bila aibu.

Mvuto unatoka kwenye manifoldi, lile bomba lililo kati ya kabureta na injini. Kama haina chuchu tayari, ifungue, itoboe tundu la chuchu mezani, uoshe unga wote wa chuma kabla ya kuirudisha. Anayetoboa manifoldi ikiwa kwenye injini anailisha silinda chuma. Ukimaliza, injini isiyo kwenye gia ikinguruma juu kuliko zamani, kuna pahala inavuta hewa.

Chupa ni ya plastiki ya dawa ya kikohozi, mililita 100, imegeuzwa kichwa chini pembeni chini ya kiti. Chuchu imepita kwenye kifuniko na gundi ya epoksi. Kitako, ambacho sasa kiko juu, toboa tundu la milimita 1 la kupumulia, la sivyo oili itashuka kidogo kisha igome. Kutoka chupa shuka kwenye koki, halafu kile kichumba cha matone cha dripu, halafu rola, halafu mpira wa petroli hadi nyuma. Kichumba ndicho raha yangu: kikisimama wima unahesabu matone kwa macho, kitu ambacho hata mitambo mingine ya bei haikuonyeshi.

Weka tone 1 au 2 kwa dakika. Matone kama 30 ya oili ni mililita moja, hivyo kwa matone 2 chupa inakwenda saa 25 za injini kuwaka. Bodaboda wa kutwa ataijaza baada ya siku tatu hivi. Rekebisha matone wakati injini imepata moto, kisha rudia baada ya nusu saa, maana plastiki ya dripu inaendelea kulegea chini ya rola na kipimo kinahama. Ukishuka Dar, bana rola: joto linaifanya oili kuwa nyepesi. Mimi natumia oili ya injini ya 20W-50, mpya. Oili ya cheni ya msumeno inanata vizuri zaidi, ila asubuhi za baridi inagoma kushuka.

Ncha ni kibomba cha shaba cha mafundi friji, tundu lisizidi milimita 2. Likiwa pana, mpira wote unajimwaga ukizima injini. Kifunge kwenye swingamu, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kielekee ubavu wa ndani wa sproketi ya nyuma, chini, mbele kidogo ya ekseli, pale cheni inapoanza kupanda meno. Mzunguko unaisukuma oili kwenda nje hadi kwenye meno na pini. Acha nafasi ya milimita 2 au 3, na uitazame upya kila unapokaza cheni, kwa sababu gurudumu linarudi nyuma na ncha inabaki ilipokuwa.

Seti ya dripu inakauka na kupasuka kwa kulowa oili, kwa hiyo ibadilishe mara inapoanza kuwa ngumu. Mpya, kwenye duka la dawa, ni bei ya soda chache. Mstari wa oili ukitokea ubavuni mwa tairi, bana rola na ufute tairi kabla hujalala kwenye kona. Unga mwekundu ukionekana kwenye pini za cheni, fungua rola kidogo.